Kata

Kiswahili kinanicheka kila asubuhi:
kata ni chombo, kata ni amri,
na Kata ndiyo hii ninayokaa, Kalinzi.
Basi nakata kata katani,
nyuma ya jiko, chini ya bati mbili zilizobaki ujenzini,
jiriwa nimeifunga kwenye kisiki,
kuku wa Leokadia wanachakura maranda.

Mti wenyewe ni mbuni.
Mibuni ya baba, ile ya mteremko wa juu,
iliyozeeka hadi ikawa inazaa majani matupu.
Bwana shamba akasema, ng'oeni, pandeni miche mipya.
Leokadia akasema, kuni.
Mimi sikusema. Usiku
nikaingiza magogo kumi na manne uvunguni.

Ukiupasua, ndani ni mweupe kama jino la utotoni,
mgumu, umeshikamana,
na haunuki kahawa hata chembe.
Nilinusa.
Nilinusa tena, mlango nimefunga.

Mbuni haunenepi.
Gogo zima ni kifundo cha mguu wa mtu mzima,
kwa hiyo mti ndio unaoamua:
hapa bakuli, pale mpini,
hapa ufa, tupa, anza upya.
Kisu nilikipinda mwenyewe makaani,
zamani kilikuwa tupa.
Kinachimba kwa duara, kinatoa ganda jembamba
linalojikunja kabla halijafika chini.
Kidole gumba kina makovu matatu.
La nne ni la jana.

Ya kwanza niliipaka mawese.
Mtu wa Kigoma apake nini kingine?
Ikang'aa kama paji la bibi harusi.
Siku ya tatu Zuberi akapiga simu kutoka Mwanga,
kibandani kwake, kelele za bodaboda nyuma yake:
"Fundi, wateja wanauliza
mbona kahawa yangu inanukia maharage?"
Sasa natumia nta, inatoka Kasulu kwenye kopo la maziwa.

Zuberi anataka gramu kumi.
Si tisa, si kumi na moja.
Akanipa mizani ndogo ya betri
na nusu kilo ya kahawa iliyosagwa, ya kupimia.
Pakiti imeandikwa: Kalinzi.
Nikakaa nayo mapajani.
Miaka arobaini na sita kwenye mlima huu
nimechuma, nimemenya, nimeosha, nimeanika,
nimekimbia na turubai mvua ikinifukuza,
na kuinywa, sijawahi.

Baba naye alikatwa.
Alishuka ghalani na gunia, karani akaweka mawe:
kilo mbili za gunia lenyewe,
kilo moja ya unyevu,
kilo moja, Mungu anajua.
Alirudi akivihesabu vidole vyake
kama mtu asiye na hakika amerudi navyo vyote.
Hakugomba. Alikaa akanoa panga
ambalo lilikuwa limenolewa.

Nadhani ndiyo maana mizani hii inanitetemesha.
Namwaga kahawa, nasawazisha kwa ukingo wa rula.
Tisa nukta nne.
Nachimba, upepo wa kisu tu.
Tisa nukta nane.
Msasa, vidole viwili, duara, duara.
Napuliza.
Kumi.
Nainua mkono nione kama kuna kidole changu kimegusa sahani.
Napima tena.

Jana jioni kahawa ya kupimia ilikuwa imechoka,
imemwagwa na kuzolewa mara mia.
Leokadia akaitia sufuriani.
Tukakaa kwenye kizingiti, vikombe viwili, hatusemi.
Akanywa. Akakunja uso.
"Ndiyo hii iliyotulipia ada?"
"Ndiyo hii."
Akaitazama muda mrefu, kama shemeji
aliyetajwa miaka yote na leo ndiyo amefika.
Kisha akaichukua kata yangu mpya, ya Zuberi,
gramu kumi kamili,
akaichovya kwenye sukari, akachota imefurika,
rumbesa,
akachota tena.
Sukari ni nzito kuliko kahawa.
Gramu ngapi hizo, Mungu anajua.